Akili Timamu Hadi Ithibitishwe Vinginevyo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanasaikolojia Andrew Benjamin na wenzake katika jimbo la Arizona, Marekani, waliamua kupima afya ya akili ya wanafunzi wa sheria. Walianza na vijana ambao hawajaketi darasani, wakaendelea na walio masomoni, wakafika hadi kwa waliokwisha kuhitimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Kabla ya masomo, vijana hao hawakuwa tofauti na watu wengine wa jamii yao. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, 32 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona zilizovuka kiwango cha kawaida. Mwisho wa mwaka wa tatu walifika 40. Miaka miwili baada ya kuhitimu walikuwa wameshuka hadi takriban 17, lakini hawakuwa wamerudi pale walipoanzia.

Kwa jicho la mwanasheria, hapo pana kesi ya kujibu. Watu wameingia ndani ya nyumba wakiwa wazima, na baada ya mwaka mmoja theluthi yao wanaumwa. Wa kwanza kuhojiwa angekuwa mwenye nyumba. Lakini kwa muda mrefu wanaohojiwa ni wageni. Husemwa kwamba sheria huvuta watu wenye majonzi tangu utotoni, au kwamba fani ni ngumu na haimfai kila mtu, au kwamba vijana wa siku hizi wamedekezwa. Dai la kwanza linaangushwa na kipimo kile cha kabla ya masomo. La mwisho linaangushwa na kalenda: waliopimwa Arizona leo wana umri wa kustaafu.

Linabaki dai la ugumu, nalo ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa sababu ugumu una aina nyingi na si kila aina huumiza.

Ni vizuri kwanza kuutenga ugonjwa wenyewe na uchovu wa kawaida wa masomo. Daktari huanza kufikiria sonona pale mtu anapokaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni isiyomtoka, au akiwa amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi humkimbia au humzidi, chakula hakipiti, umakini humponyoka, hujiona hana thamani, na wengine hufikia kuona heri wasingekuwepo. Inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Kwa mwanafunzi wa sheria ina ukatili wa ziada, maana inashambulia uwezo wa kusoma kwa muda mrefu bila kupotea, ambao ndio mtaji wake mkuu. Anayeshindwa kumaliza kurasa kumi za hukumu hadhani kwamba anaumwa. Anadhani amekuwa mvivu. Basi anaongeza saa za kukesha, usingizi unazidi kupungua, na kesho yake kurasa zile zile zinakuwa nzito zaidi.

Namna ya kufundisha sheria inayotawala Marekani ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell alishika ukuu wa kitivo cha sheria cha Harvard, akaachana na mihadhara ya kusikiliza na kuandika. Mwanafunzi alitakiwa asome hukumu zenyewe kabla ya kipindi, kisha mhadhiri amhoji mbele ya wenzake. Utaratibu huo ulienea nchi nzima. Mhadhiri humwita mtu kwa jina bila kumwonya, humtaka aeleze kesi, halafu hubadilisha jambo moja katika maelezo yake na kuuliza kama jibu linabaki lile lile. Ukijibu ndiyo, ana swali. Ukijibu hapana, ana jingine. Filamu ya The Paper Chase ya mwaka 1973 iliufanya mtindo huo ujulikane hata kwa wasiosoma sheria, na mwigizaji John Houseman alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Profesa Kingsfield, mzee asiyetabasamu anayewageuza vijana werevu kuwa mabubu.

Kuhojiwa hadharani hakumdhuru kila mtu, na wapo wanaokumbuka vipindi hivyo kwa shukrani. Kinacholemea zaidi ni yale yanayokizunguka kipindi. Katika shule nyingi za huko kozi huamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho, hivyo miezi hupita bila mwanafunzi kuambiwa anaendeleaje. Alama hugawanywa kwa uwiano uliopangwa kabla, kiasi kwamba daraja la mmoja hutegemea jirani yake amekosea wapi. Na walioingizwa chumba hicho kila mmoja alikuwa wa kwanza alikotoka. Kwa hesabu tu, 90 kati ya 100 watakuwa nje ya kumi bora, na kwa wengi wao itakuwa mara ya kwanza maishani.

Kisha kuna kinachosomwa. Sheria hujifunza kutokana na maafa. Karibu kila mwanafunzi wa sheria za Kiingereza, awe London, Nairobi au Dar es Salaam, hukutana na kesi ya mwaka 1884 ya Dudley na Stephens, mabaharia waliokwama baharini wakamuua na kumla kijana waliyekuwa naye chomboni. Hukutana na kesi ya mwaka 1932 ya Donoghue, mama aliyedai kukuta mabaki ya konokono ndani ya chupa ya kinywaji. Ndoa huisoma kupitia talaka, undugu kupitia ugomvi wa mirathi, urafiki wa kibiashara kupitia mkataba uliovunjwa. Huzoezwa kuuliza kitaharibika nini, lini, na nani atalipa.

Zoezi hilo lina faida ya kazi. Mwaka 1997 Jason Satterfield, John Monahan na Martin Seligman walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Virginia, ukaonyesha jambo linalopingana na yaliyozoeleka katika fani nyingine: wenye mtazamo wa kutarajia mabaya walipata alama nzuri kuliko wenye matumaini. Anayewaza mabaya mapema huandika mkataba usiovuja. Lakini tabia hiyo haivuliwi pamoja na joho jioni. Mtu aliyezoea kutafuta kasoro katika kila hoja hurudi bwenini akatafuta kasoro ndani yake mwenyewe, na huko hakuna wakili wa upande wa pili.

Lawrence Krieger, mwalimu wa sheria Florida, na Kennon Sheldon, mwanasaikolojia Missouri, walikwenda hatua nyingine. Hawakuuliza tu kama wanafunzi wana huzuni. Waliuliza wanataka nini maishani. Katika utafiti wao wa mwaka 2004 walikuta kwamba wanaoingia shule ya sheria wengi walikuwa na furaha ya kutosha na sababu nzuri za kuwa pale: kusaidia watu, kuelewa jamii, kufanya kazi yenye maana. Ndani ya mwaka wa kwanza furaha ilishuka, na sababu zikageuka. Waliokuwa wakisoma kwa kupenda walianza kusoma ili waonekane, na kuthamini sura na sifa kuliko kabla. Kulikuwa na kinaya cha kusikitisha: walioingia na mapenzi ya dhati ndio waliopata alama za juu, na alama hizo za juu ndizo zilizowasogeza mbali na kazi za kuwahudumia watu, kuelekea kazi zenye mshahara mnono na msongo mkubwa zaidi. Shule haikuwatupa nje waliopenda haki; iliwazawadia hadi wakabadilisha njia.

Sheria nayo ina namna yake ya kuitazama akili. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 11 cha ile ya Kenya, vinasema kwamba kila mtu huchukuliwa kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu kinachofuata kinamshughulikia aliye kichaa, kwa vigezo vinavyotokana na kesi ya Daniel M'Naghten iliyoamuliwa London mwaka 1843. Milango ni miwili. Mwanafunzi huikariri, huiandikia insha, na bila kukusudia huondoka na picha kwamba akili ya mtu ama ipo ama haipo. Mtaani picha hiyo imekwisha kuwekwa: Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi, ambazo ni hospitali, zimegeuzwa majina ya kumtania mtu. Anayehudhuria vipindi vyote, anayejibu akiulizwa, aliyenyoosha shati lake, lakini hajalala usiku wa tatu huu, hana kifungu kinachomhusu. Akijitazama anaona yuko upande wa wenye akili timamu, kwa hiyo hana sababu ya kulalamika. Na akilalamika, anaogopa kuhamishiwa upande wa pili.

Hofu hiyo imepimwa. Mwaka 2014 wasomi Jerome Organ, David Jaffe na Katherine Bender waliendesha uchunguzi katika shule 15 za sheria za Marekani, wakajibiwa na wanafunzi zaidi ya 3,300. Asilimia 17 walionyesha dalili za sonona. Asilimia 37 walikuwa na dalili za ugonjwa wa wasiwasi, kuanzia mdogo hadi mkali. Asilimia 43 walikuwa wamekunywa pombe nyingi kwa mkupuo walau mara moja katika wiki mbili zilizotangulia. Asilimia 6 walikuwa wamefikiria kwa dhati kujiua ndani ya mwaka uliopita. Asilimia 42 walikiri kwamba mwaka huo walihitaji msaada wa kiakili au kihisia, na ni nusu tu hivi ya hao waliomwona mshauri. Walipoulizwa kinachowazuia, wengi walitaja aibu mbele ya watu, na asilimia 45 walitaja jambo jingine: kuogopa kunyimwa uwakili.

Hofu ya mwisho haikuwa ya kujitungia. Mtu anayeomba kusajiliwa kuwa wakili Marekani hukaguliwa tabia na ufaafu wake, na katika majimbo mengi fomu ilimtaka aseme kama amewahi kugunduliwa au kutibiwa ugonjwa wa akili. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa fani inayojigamba kwa kufikiri sawasawa. Mwanafunzi mwenye sonona aliyekwenda kwa daktari alikuwa na la kuandika. Mwenzake mwenye sonona aliyejificha chumbani akanywa pombe hakuwa nalo. Swali lililowekwa ili kuwalinda wateja lilimtia shaka aliyejitibu na kumpitisha aliyejificha. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na Mahakama ya Juu ya jimbo la Louisiana, baada ya kuona kwamba maswali ya namna hiyo yalikiuka sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2020 New York, lenye mawakili wengi kuliko majimbo mengi, liliondoa swali hilo katika fomu yake.

Wamarekani hawako peke yao. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walitoa ripoti iliyohusisha wanafunzi 741 wa sheria kutoka vyuo 13 vya Australia. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na dhiki ya akili ya kiwango cha juu au cha juu sana. Nchi hiyo haina Langdell wala mashindano ya alama kwa ukali ule wa Marekani. Kilichofuata kilikuwa cha kuigwa: mwaka 2013 baraza la wakuu wa vitivo vya sheria vya Australia lilipitisha mwongozo wa utendaji unaohusu afya ya wanafunzi, likikubali kwamba jambo hilo ni la shule na si la mshauri nasaha peke yake.

Afrika Mashariki ilirithi sheria ya Kiingereza pamoja na mengi katika namna ya kuifundisha. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14. Darasa la watu 14 lilikuwa na nafasi ya kila mmoja kujulikana kwa jina na kwa matatizo yake, na nchi ilikuwa inawasubiri kwa mikono miwili. Leo vyuo vinavyotoa shahada ya sheria ni vingi, wahitimu ni mamia kwa mamia, na shahada peke yake haimpeleki mtu mahakamani. Kuna lango: Shule ya Sheria ya Kenya iliyoko Karen, Kituo cha Maendeleo ya Sheria cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 1970, na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko Karen mtahiniwa hukabili karatasi tisa, baada ya kulipa ada iliyozoeleka kutajwa kuwa shilingi 190,000 za Kenya, na kila karatasi inayorudiwa ina malipo yake.

Oktoba 2022 lango la Tanzania liligeuka habari ya nchi nzima. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342. Walioondolewa kabisa walikuwa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze kilichotokea. Mitandaoni na magazetini kila mtu alikuwa na mkosaji wake: vyuo vikuu vinavyotoa shahada kwa urahisi, shule inayowakamia wanafunzi, Kiingereza kibovu, uvivu wa kusoma.

Ubora wa elimu ni swali la haki, na mteja ana haki ya wakili anayejua kazi. Lakini tarakimu zile zilikuwa pia watu 607 ambao siku moja walifungua orodha na kutafuta namba zao. Kwa lugha ya wanafunzi, 342 walikuwa na sapu na 265 walidisko. Neno la pili huchekesha likitamkwa kantini; halichekeshi likikupata ukiwa na miaka 27, ada imetoka kwa mzazi aliyeuza ng'ombe au kwa dada aliyekopa kikoba, na kitanda ulichopanga Sinza, Dar es Salaam, kinadaiwa kodi.

Uzito mkubwa zaidi huanzia nyumbani, na huanza mapema. Tangu siku kijana anapochaguliwa kusoma sheria, jina lake la kuzaliwa linaanza kusahaulika. Anakuwa wakili. Baba mdogo anamwekea kando karatasi za kesi ya shamba. Mama anawaambia wenzake wa kikundi kwamba mwakani wajiandae na sare za sherehe ya kuapishwa. Wanafunzi wenyewe wameanza kuitana wasomi wakiwa mwaka wa kwanza, nusu kwa mzaha. Kwa hiyo matokeo mabaya hayamwondolei mtu cheti tu. Yanamvua jina ambalo ukoo mzima umekwisha kumvika. Simu ya "vipi wakili, unaapishwa lini?" inakuwa simu isiyopokelewa. Wapo wanaoendelea kuvaa suti nyeusi na shati jeupe na kutoka kila asubuhi, kwa kuwa kubaki nyumbani kungehitaji maelezo.

Familia hupenda, na husaidia kwa inavyojua. Kijana asiyekula wala kutoka chumbani atapelekwa kwenye maombi au kusomewa dua. Pengine itaulizwa nani ana kijicho naye. Ibada huwapa wengi nguvu ya kuamka siku inayofuata, na hakuna daktari mwenye busara anayemkataza mgonjwa kuswali au kusali. Shida huja pale maombi yanapotumika kuchelewesha zahanati, au pale asiyepona anapoambiwa kwamba imani yake ni haba, akabeba na hatia hiyo juu ya ile ya mtihani.

Lugha nayo imo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Darasani, hata hivyo, vitabu, hukumu za zamani na mitihani vimeendelea kuwa vya Kiingereza. Aliyepitia shule ya kata, akafundishwa Kiingereza na walimu ambao nao walikibahatisha, anaweza kuielewa vizuri kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ile ambayo Jaji Mwalusanya alimtambulia mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, na kuijadili kwa ufasaha na wenzake chini ya mwembe. Akiiandika ndani ya saa tatu anasikika kama mtu asiyeielewa. Kukosa maneno ya kulisema unalolijua, mwaka baada ya mwaka, humfanya mtu aanze kuamini kwamba hajui.

Katika somo la jinai mwanafunzi huyo huyo hufika kwenye kifungu kinachomhusu kwa karibu kuliko mhadhiri anavyodhani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, toleo la 2022, katika kifungu cha 217 inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, chenye adhabu iliyoweza kufika kifungo cha miaka miwili. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikipinga mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akakitangaza kuwa kinakiuka Katiba: kinambagua mtu kwa sababu ya hali yake ya afya, kinamvunjia utu, na kinamnyima haki ya kupata matibabu ya kiwango cha juu kadiri inavyowezekana. Uingereza, ambako kosa hilo lilitokea, ililifuta mwaka 1961. Kwa mwanafunzi anayepambana na mawazo hayo usiku, si jambo dogo kwamba kitabu kilichoko mezani kinamwita mshtakiwa, na kwamba akimweleza mtu atakuwa amekiri.

Majaribio ya kuwasaidia wanafunzi mara nyingi huishia kwenye semina ya siku moja, maji ya chupa na mzungumzaji wa kuhamasisha. Krieger na Sheldon walitafuta kitu kinachogusa masomo yenyewe. Mwaka 2007 walichapisha utafiti mwingine, uliofuata wanafunzi wa shule mbili za sheria kwa miaka mitatu. Katika shule zote mbili wanafunzi walididimia. Lakini hawakudidimia sawa. Waliosema kwamba walimu wao waliheshimu uhuru na mawazo yao walishuka kidogo kuliko wengine, na mwaka wa tatu walikuwa na hali bora.

Heshima hiyo haimaanishi kupunguza kazi wala kugawa alama. Ni mhadhiri kumpa mwanafunzi nafasi ya kuchagua pale inapowezekana, kumweleza sababu pale isipowezekana, na kuonyesha kwamba anajua hali inavyoonekana kutoka upande wa dawati. Katika mazingira ya Dar es Salaam au Nairobi inaweza kuwa mambo ya kawaida kabisa. Karatasi iliyosahihishwa irudi ikiwa na maelezo, ili aliyefeli ajue amefeli wapi na si tu kwamba amefeli. Kuwe na jaribio la mapema ambalo halimfukuzi mtu. Anayeahirisha mtihani kwa cheti cha daktari wa akili apokewe kama anayeleta cheti cha malaria. Mshauri nasaha awe mtu ambaye hakai kwenye kikao cha nidhamu wala cha matokeo, na wanafunzi waambiwe hivyo siku ya kwanza. Aliyedisko asikutane na tangazo ukutani peke yake. Apewe mtu wa kuzungumza naye kabla hajapiga simu nyumbani, na aelezwe kazi nyingine ambazo shahada yake inaweza kufanya, maana zipo katika halmashauri, benki, mashirika na vyumba vya habari.

Hata wale waliopita lango wanahitaji kuambiwa ukweli fulani mapema. Mwaka 2015 Krieger na Sheldon walitoa matokeo ya uchunguzi wa mawakili zaidi ya 6,200 katika majimbo manne ya Marekani, wakitafuta kinachoambatana na furaha ya wakili. Uhuru wa kufanya kazi kwa imani yake, uhusiano mzuri na watu na hisia ya kuimudu kazi viliambatana nayo kwa nguvu kubwa. Kipato kiliambatana nayo kidogo tu, na nafasi ambayo mtu alishika darasani kidogo zaidi. Mawakili wa utumishi wa umma, wenye mishahara midogo, waliripoti furaha kubwa kuliko wenzao wa ofisi za fedha nyingi, na walikunywa pombe kidogo kuliko wao.

Mkuu wa shule anayeona haya yote kuwa ni huruma isiyo na nafasi katika fani ya mabishano anaweza kuyaweka kando na kuusoma tena utafiti wa 2007 hadi mwisho, sehemu ya alama. Kule kutodidimia sana, ambako kulianzia kwa walimu wenye kuheshimu mawazo ya wanafunzi, kuliambatana na alama za juu za shahada na matokeo bora katika mtihani wa uwakili.